Chumba Tulichojenga, Wakakifunga

Mwalimu mkuu alimwambia mdogo wangu apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Ndivyo watoto walivyopimwa umri siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, maana huku kwetu Katumba Songwe wengi hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mdogo wangu alilishika sikio lake, akalivuta, akacheka, kisha akamsogelea mwalimu na kumshika la kwake. Watoto waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka. Alitoa leso mfukoni akajifuta sikio.

"Mama," akamwambia mama yangu kwa upole kabisa, maana alikuwa mtu wa adabu, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, "shule hii ni ya watoto wazima."

"Kwani huyu amekufa?" mama akauliza.

"Mama, unanielewa."

"Sikuelewi, mwalimu. Namwona mtoto amesimama, anapumua, amekushika sikio. Nionyeshe maiti iko wapi."

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka sekondari, na nilikuwa nimemshika mdogo wangu mkono mwingine. Alikuwa amevaa sare mpya. Mama alikuwa amemshonea mwenyewe, sketi ya bluu na blauzi nyeupe, kwa kitambaa alichovuka nacho mpaka wa Kasumulu akitoka Malawi. Tulirudi naye nyumbani akiwa na sare yake, na kila mwenye baiskeli tuliyepishana naye njiani, mdogo wangu alimsalimia kwa sauti kubwa, "Ugonile!", salamu ya asubuhi ya Wanyakyusa, ingawa jua lilikuwa utosini. Wengine waliitikia. Wengine walikanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Mdogo wangu alizaliwa kwa shida. Mama alishikwa na uchungu usiku kucha, akabebwa kwenye baiskeli hadi hospitali asubuhi yake, na mtoto alipotoka hakulia. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yake yalikuja machache machache, ya Kinyakyusa na ya Kiswahili yamechanganyika. Sitaki kumpamba. Alikuwa na siku zake za kung'ata. Aliweza kuvua nguo mbele ya wageni, akamwaga chakula, akalia kutwa nzima bila sisi kujua analia nini. Pia alipenda kufagia uwanja, alipenda wimbo wowote wenye makofi, na mtu akiugua pale nyumbani alikuwa akikaa miguuni pake hadi apone. Alikuwa mtu. Nalisema hilo kwa sababu miaka ile ilitubidi kulisema kila siku, kwa watu waliosoma na wasiosoma.

Walimwita taahira, walimwita zezeta. Hayo tuliyazoea. Kilichomuumiza mama ni lile jingine. Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sukari juzi sasa walikuwa wanauza sukari. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye ghala la shirika la umma, akawa anashinda shambani kwenye kakao bila kuongea na mtu. Mama ndiye aliyetulisha, kwa vitenge vya Malawi na mchele wetu wa Kyela aliouvusha kwenda kule. Duka lake dogo lilipopata bati jipya, maneno yakaanza: amemtoa mtoto akili ili biashara iende. Wanawake walioimba naye kwaya ndio waliosema. Walikuja dukani, wakanunua kitenge, wakapunguziwa bei, na wakiondoka walitemea mate chini ya kibaraza.

Mama aliwasikia. Alikuwa akimwita mdogo wangu aje asimame mlangoni, aseme "ndaga", yaani asante, kwa kila mnunuzi anayetoka. "Wanataka nimfiche," aliniambia. "Nikimficha, nimekubali."

Jirani yetu yeye alificha. Alikuwa mwanamke wa Kikisi, aliyeolewa kwetu kutoka upande wa Matema, kule milima inakokutana na ziwa, na mume wake alikuwa amerudi zake kuvua na kuoa mke mwingine. Alibaki na mtoto mmoja wa kiume, ambaye hakuwa na maneno kabisa na aliyekuwa na tabia ya kukimbia. Akiona njia, anakimbia, hadi achoke au aanguke. Mama yake alilima vibarua katika mashamba ya mpunga ya watu, na hakuna aliyempa kibarua akiwa na mtoto yule mgongoni au pembeni. Kwa hiyo akitoka alimfunga kamba mguuni, kwenye nguzo ya katikati ya nyumba, kamba ndefu ya kumfikisha kwenye maji na kwenye kitanda. Sote tulijua. Mwenyekiti wa kitongoji alijua, wazee wa kanisa walijua, mwalimu mkuu alijua.

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani. Kazi za serikali zilikuwa zimefungwa, nami nikawa namsaidia mama dukani. Mwaka huo lilikuja gari jeupe lenye antena ndefu. Ndani yake alikuwemo bwana mmoja wa makamo, aliyevaa shati la kitenge na kuning'iniza kamera shingoni, akasema yeye ni mratibu wa mradi. Wafadhili wanataka watoto wenye ulemavu wa akili wasome. Akaomba tuwalete uwanjani pa shule.

Tuliwaleta. Nilishangaa wingi wao. Walitoka kwenye nyumba ambazo nilikuwa nimeingia mara nyingi kula na kunywa chai bila kujua kuwa kuna mtoto chumba cha nyuma. Wengine walifumba macho kwa mwanga wa jua. Mratibu aliwapanga mistari, wafupi mbele. Mdogo wangu alikuwa amevaa gauni zuri la maua. Mratibu alimtazama, akaniambia, "Dada, huyu hana nguo nyingine? Iliyochakaa kidogo?"

"Ya nini?"

"Ya picha. Wafadhili wakiona gauni hili watasema hana shida."

Nilimwambia hana. Basi akamhamishia mstari wa nyuma, na mtoto wa jirani yetu, ambaye alikuwa na kovu la kamba mguuni, akawekwa mbele kabisa, mguu ukionekana vizuri.

Wafadhili wakakubali. Lakini wananchi nao walitakiwa kuchangia nguvu zao, na nguvu hizo zilikuwa zetu, wazazi wa watoto wale. Tulifyatua matofali na kuyachoma. Tulibeba mchanga kutoka Mto Songwe kwa ndoo kichwani. Yule jirani wa Kikisi alikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, akiwa amemfunga mwanawe mgongoni ingawa alikuwa mkubwa kiasi cha miguu kuburuta. Alikulia kwa watu wanaofinyanga vyungu na alikuwa anacheka kwamba hajawahi kufinyanga chungu kikubwa namna hii. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Baba yangu, aliyekuwa haongei, alipiga lipu ukuta mzima wa mbele.

Siku ya kufungua, mgeni rasmi alikata utepe. Mdogo wangu alipewa kushika upande mmoja wa utepe huo, na alipoambiwa auachie alikataa, watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya sherehe. Mwalimu mkuu alisoma risala. Alisema shule yake haimwachi mtoto yeyote nyuma. Alisema hivyo akiwa amesimama hatua chache tu kutoka mahali alipotuambia habari ya watoto wazima.

Magari yakaondoka. Jumatatu tukaja na watoto. Mlango ulikuwa na kufuli.

"Mwalimu wao hajapatikana," mwalimu mkuu alisema. "Wizara italeta. Vuteni subira."

Tulivuta. Wiki zikapita, mpunga ukaota, ukafika wa kupalilia. Kisha nikaanza kusikia sauti ndani ya chumba. Nilichungulia dirishani mchana mmoja nikaona wanafunzi wa darasa la saba wameketi kwenye madawati yetu, na mwalimu anawafundisha hisabati. Ilikuwa twisheni, yale masomo ya ziada ya kulipia ambayo kila mwalimu aliyaanzisha siku hizo kwa kuwa mishahara haikutosha. Asubuhi chumba kilifungwa. Mchana kilifunguliwa kwa wenye kulipa.

Nilikwenda ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti."

"Kile chumba ni cha watoto wetu."

"Ni cha shule," akasema, na hakuacha kusahihisha madaftari. "Chumba hakiwezi kukaa bure, binti. Wale wa darasa la saba wana mtihani. Wale wenu wana mtihani gani?"

Nilitoka pale. Nilimweleza mama, na mama akasema tungoje mvua zipungue, wanawake watoke mashambani, tuwakusanye.

Mvua hazikupungua. Kwetu ni bonde. Mvua ikinyesha milimani huko juu, sisi tunaletewa maji hata kama kwetu kuna jua. Siku ile hapakuwa na wingu. Jirani yetu alikuwa kwenye palizi ya shamba la mtu ng'ambo ya kijito, na mwanawe alikuwa nyumbani amefungwa kama siku zote. Songwe ukapasua kingo mchana. Kijito kikawa mto. Wanaume walimshika yule mama asijitupe, na alipiga kelele kwa Kikisi ambacho wengi hawakukielewa, mpaka sauti ikamkauka. Baba yangu na wengine walijaribu kwa upande wetu, maji yakiwa kifuani. Walipofika, nyumba ilikuwa imelala ndani ya maji. Baba ndiye aliyekata kamba. Alimbeba mtoto hadi nyumbani kwetu akamlaza kwenye mkeka, na mama akamfunika kitenge kipya kutoka dukani.

Ninachotaka kueleza ni yale yaliyosemwa msibani. Nimesikia mengi maishani lakini hayo hayajanitoka.

"Mungu amekupunguzia mzigo," mwanamke mmoja alimwambia mfiwa, akimpapasa mgongo.

"Amepumzika, nawe upumzike," akasema mwingine.

Mhubiri alisema mbinguni atapewa akili. Mwalimu mkuu alipewa nafasi ya kutoa neno kwa niaba ya shule, akasema tukio hili liwe fundisho, na kwamba kumfunga mtoto kamba ni ukatili ambao jamii iliyostaarabika haiwezi kuuvumilia. Watu waliitikia kwa vichwa. Siku iliyofuata polisi walimwita yule mama wakamhoji kutwa nzima. Alihojiwa kamba aliinunua wapi. Hakuna aliyeuliza ufunguo wa kile chumba ulikuwa kwa nani, wala kwa nini mtoto ambaye matofali ya darasa lake yalikanyagwa na miguu ya mama yake hakuwa darasani saa za darasa. Shule iko mahali pa juu. Maji hayakufika hata uwanjani.

Mama hakungoja tena mvua zipungue. Alipita nyumba kwa nyumba. Aliingia hata kwa wale waliokuwa wakitemea mate kibarazani kwake, kwa sababu wawili wao nao walikuwa na watoto chumba cha nyuma. Hakubembeleza. Alisema, "Kesho asubuhi, chumbani. Njoo na mtoto wako ameshaoga."

Kesho yake baba alitangulia na nyundo. Alivunja kufuli, akaiweka nyundo chini, akaketi kwenye ngazi. Tukaingia. Watoto waliketi kwenye madawati, mama zao wakasimama ukutani. Mmoja alilia kwa woga. Mwingine alijikojolea, mama yake akaanza kupangusa sakafu kwa khanga yake, akiomba radhi, hadi mama yangu akamwambia, "Acha kuomba radhi. Chumba hiki umekijenga wewe."

Mwalimu mkuu alikuja na mtendaji wa kata na mgambo mmoja mwenye kirungu. Wanafunzi wote wa shule walikuwa wamejaa madirishani.

"Mmevunja mali ya umma," mtendaji alisema.

"Umma ni nani?" mama akauliza. "Tuite huo umma uje hapa, uonyeshe tofali moja ulilochoma."

"Mama, tuongee kwa utaratibu. Hakuna mwalimu."

Hapo mama akanishika bega na kunisukuma mbele. Hatukuwa tumepanga. "Mwalimu huyu hapa. Ana cheti cha kidato cha nne, na amelea mmoja wao tangu mtoto. Mpeni chaki."

Mtendaji alinitazama, akatazama madawati. Dawati la mbele, karibu na mlango, lilikuwa na mtu mzima. Ni yule jirani yetu. Alikuwa ameingia kimya kimya na kuketi, magoti yake yamegonga ubao kwa sababu dawati lilikuwa la mtoto.

"Wewe mama," mtendaji akasema, "wewe umekuja na nani?"

Kiswahili chake kilikuwa cha kukwama kwama, na alichukua muda.

"Nimekuja peke yangu. Nafasi hii ya mwanangu. Nakaa mimi."

Hakuna aliyecheka, hata kule madirishani. Mdogo wangu aliinuka, akaenda kwa yule mama, akaketi chini miguuni pake, akiegemea goti lake, kama alivyofanya nyumbani mtu akiugua. Mgambo aligeuza uso. Mtendaji alisema watazungumza ofisini, akatoka, na mwalimu mkuu akamfuata nyuma. Sikupewa chaki. Nilichukua kipande cha mkaa nikachora duara ukutani, kwenye lipu ya baba, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kuanzia.

Tulibaki. Walitutishia kesi, haikuja. Twisheni ikahamia darasa jingine, na wazazi wa darasa la saba wakatunyima salamu kwa muda. Nilifundisha bila kujua kufundisha. Nilikosea mengi: niliwapa herufi kabla hawajazoea kuketi pamoja, nikawakasirikia walipochoka. Yule jirani alikuja kila siku, na siku moja alileta udongo mbichi kwenye karai, akampa kila mtoto bonge. Hapo ndipo darasa lilipotulia kwa mara ya kwanza. Mdogo wangu alifinyanga vitu visivyo na jina na kumgawia kila apitaye mlangoni. Alijifunza kwenda shule na kurudi peke yake. Alijifunza kungoja zamu. Kusoma hakujifunza, na sioni kwa nini hilo lifanye miaka yake pale ionekane hasara. Wako waliosoma wakawa kama mtendaji wetu.

Baadaye wizara ilileta mwalimu mwenye mafunzo, mwanamke mwenye moyo na ujuzi, na chumba kikaitwa kitengo. Nilimshukuru kwa dhati. Mratibu wa mradi alirudi kupiga picha. Safari hii sikumruhusu ampange mtoto yeyote.

Kisha mwalimu mkuu akapandishwa cheo. Akahamishwa, na shule ikamfanyia sherehe ya kumuaga. Nilialikwa kwa kuwa niliwahi kujitolea. Mama alialikwa kwa kuwa alikuwa ametoa mchele. Jirani yetu hakualikwa. Tuliketi ukumbini tukasikiliza risala ikisema kwamba historia itamkumbuka mwalimu mkuu kama mwanzilishi wa kitengo cha watoto wenye mtindio wa ubongo, baba wa wasio na sauti. Alisimama akainama kidogo. Nadhani aliamini. Hilo ndilo lililonichemsha damu, kwamba machoni pake palikuwa na machozi ya kweli.

"Na wao wako wapi?" nikauliza.

Sikuwa nimepewa nafasi ya kusema. Mshereheshaji akaniashiria niketi.

"Watoto wa kitengo. Wako wapi?"

"Dada, wamepewa chakula chao," akajibu kwenye kipaza sauti. "Wako nyuma ya jengo, ili wasisumbue wageni."

Nilitoka. Walikuwa kweli nyuma, kwenye nyasi karibu na vyoo, kila mmoja na sahani ya plastiki, na yule mwalimu wao amesimama nao amekunja uso. Tulitazamana. Aliwaambia watoto, "Inukeni, tunahama," nao wakainuka na sahani zao.

Tuliingia kwa mlango mkubwa. Mdogo wangu alikuwa mbele, wali umejaa shavuni, akisalimia meza kwa meza kama kawaida yake. Mama aliposimama kumpisha kiti, wanawake wengine wawili wakasimama pia. Viti vilivyobaki vilikuwa vya meza kuu, basi tukawaketisha huko, kati ya wageni, na yeyote aliyenung'unika nilimtazama hadi akanyamaza. Mtoto mmoja alivuta kitambaa cha meza, soda ikamwagika kwenye suruali ya mtendaji. Mshereheshaji alizima kipaza sauti.

Mwalimu mkuu alisogeza kiti chake. Sikujua kama alikuwa anawapisha au anawakwepa, na sikumuuliza. Nilimwambia mama awaangalie, nikatoka kwenda kumwita jirani yetu aje ale.